Nati ya Zamani: Irudishwe au Itupwe?

Jumanne moja mwezi wa nne, nikiwa kazini, meseji iliingia kutoka kwa binamu yangu anayeendesha piki yangu kati ya Rongo na Homa Bay. "Sis, tairi ya nyuma imetolewa, ni pancha. Fundi anasema nati na pini zibadilishwe. Tuma 180."

Nilisoma nikacheka. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimetuma pesa ya tyubu, nikatuma ya oili, nikatuma ya kebo ya klachi. Sasa nati? Nikamjibu kwamba nati ni chuma, haiozi kwa siku moja, arudishe zile zile. Akajibu "Sawa sis." Mimi nikarudi kwa kazi yangu, nikijiona mtu anayejua kulinda pesa yake.

Siku nne baadaye alikuwa anakaribia Rodi Kopany, amebeba mama mmoja aliyetoka sokoni. Akakanyaga breki ya nyuma kama kawaida. Kitu kikalia chini ya piki, gurudumu la nyuma likafunga kabisa, piki ikateleza upande. Mungu ni mwema, mwendo ulikuwa mdogo na hakukuwa na gari nyuma yao. Yule mama aliamka na kiwiko kimechunika na leso imeraruka. Binamu yangu goti lilivimba wiki mbili. Nilipomaliza kulipa kliniki, sahani ya breki, fimbo ya breki, na siku ambazo piki haikufanya kazi, hesabu ilikuwa imepita elfu sita. Yote kwa sababu ya pini ambayo bei yake haizidi chapati moja.

Hapa tumezoea kuongea kuhusu PIN, matapeli na jinsi ya kupanga pesa yako kwenye simu. Leo ni nati na bolti, kwa sababu najua wengi mnaosoma hii mna piki mahali, Awendo, Ndhiwa, Mbita au Kehancha, na mtu mwingine ndiye anayeiendesha. Kila wiki unapokea meseji kama ile yangu, na kila wiki unaamua kwa kubahatisha.

Nini kilitoka?

Nilirudi kwa fundi nikiwa na maswali, na nikaketi chini ya mwembe wake karibu asubuhi nzima. Piki nyingi za boda huku, Boxer au TVS, zina breki ya dramu nyuma. Ndani ya dramu kuna viatu viwili vya breki vilivyokaa juu ya sahani moja. Ukikanyaga, viatu vinasukuma ukuta wa dramu inayozunguka. Sasa fikiria: dramu inazunguka na viatu vimeing'ang'ania, kwa hivyo ile sahani yote nayo inataka kuzunguka na gurudumu. Kinachoizuia ni chuma kimoja kirefu, bapa, kinachoifunga sahani kwenye ule mkono wa nyuma unaobeba gurudumu. Nitakiita kizuizi cha breki. Kizuizi kinashikwa na bolti, bolti inashikwa na nati, na nati inazuiwa isifunguke na kota pini, ile pini ya waya yenye miguu miwili inayokunjwa.

Kila ukipata pancha ya nyuma, bolti ile inafunguliwa ili gurudumu litoke. Kwa hivyo kota pini inanyooshwa, inatolewa, kisha inarudishwa na kukunjwa tena. Waya ukiukunja na kuunyoosha mara mbili tatu unakatika, hata mtoto anayetengeneza gari la waya anajua. Pini yetu ilikuwa imebaki na mguu mmoja. Mguu ukaanguka barabarani, nati ikajifungua polepole kwa mtetemo, bolti ikachomoka, na breki ilipokanyagwa sahani ikazunguka ikaburuta kila kitu.

Yule fundi hakuwa ananidanganya, na binamu yangu pia hakuwa ananidanganya. Aliyekosea ni mimi, nikiwa mbali, na simu mkononi.

Kwa nini bolti inashika

Watu wengi, mimi nikiwa mmoja wao, wanadhani bolti inashika kwa sababu ni ngumu. Ukweli ni kwamba inashika kwa sababu imevutwa. Unapokaza nati, bolti inarefuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, halafu inajaribu kurudi kama mpira wa manati. Huo mvuto ndio unaobana vyuma viwili pamoja. Ukifungua, bolti inarudi urefu wake wa kwanza, na unaweza kuitumia tena bila shida yoyote.

Isipokuwa iwe imekazwa kupita kiasi. Hapo inarefuka na hairudi. Ukiiweka kando ya mpya utaona shingo imekuwa nyembamba sehemu moja, au mianya ya thredi (zile nyuzi za mzunguko) imeachana kuliko kawaida. Bolti ya namna hiyo imekufa hata kama inang'aa. Na huku kwetu wengi wanaua bolti kwa njia hiyo hiyo: spana inaingizwa kwenye bomba refu ili "ikaze poa", kijana mwenye nguvu anaegemea, na kila mtu anaridhika kwa sababu haitafunguka. Kila piki ina kitabu chake kinachosema kila nati ikazwe kwa nguvu kiasi gani, na kuna spana maalum ya kupima nguvu hiyo. Mafundi wachache sana wanayo. Ukimpata mwenye nayo Migori mjini au Homa Bay, shikamana naye.

Adui wa pili ni mtetemo. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba kinachofungua nati si sana kuvutwa mbele na nyuma, bali ni vyuma vilivyobanwa kuteleza upande kwa upande, kidogo kidogo, mara nyingi. Yeye alitumia mashine kwenye maabara. Sisi tuna barabara za vumbi za Nyatike kuelekea Macalder, na zile za mashamba ya miwa pembeni ya Awendo. Piki inayobeba magunia kwenye njia hizo iko kwenye majaribio ya Junker kutwa nzima.

Jambo lingine lililonishangaza: ile springi washa, pete iliyokatwa mahali pamoja ambayo kila fundi anaiamini, haifanyi kazi kubwa sana kwenye majaribio ya namna hiyo. Ikishabanwa inalala bapa na kuwa kama washa ya kawaida. Haina ubaya ikiwepo. Lakini usiseme "kuna springi washa" ukaacha kota pini.

Za kutumia mara moja tu

Hapa ndipo jibu la swali lenyewe lilipo. Fundi alinionyesha kwa kumwaga nati zote kwenye sinia akaanza kuzigawa, na tangu siku hiyo naona tofauti yake. Kuna vitu vinavyoshika kwa kubanwa tu, na hivyo vinaweza kurudi. Kuna vingine vinavyoshika kwa kuharibika kidogo: vinakunjwa, vinachubuka au vinagandishwa. Ukishavifungua, ile kazi yao imekwisha.

Kota pini ni ya kwanza. Ikitoka, itupwe. Hakuna kuinyoosha na koleo, na hakuna kuweka msumari au waya wa ua badala yake. Nimeona msumari. Nimeona hata kipande cha spoki. Vyote viwili vinaonekana vigumu, lakini havijatengenezwa kukunjwa vikakaa.

Pili ni zile washa zenye masikio kwenye sproketi ya nyuma. Piki nyingi zina washa bapa ambayo sikio lake linakunjwa kando ya nati ya sproketi ili isizunguke. Ukibadilisha sproketi, masikio yananyooshwa. Ukiyakunja mara ya pili kwenye mkunjo ule ule, yanapasuka, wakati mwingine hapo hapo na wakati mwingine baada ya wiki. Kwa kawaida unanunua cheni na sproketi kwa pesa nyingi kuliko hizo washa, kwa hivyo sioni sababu ya kubana hapo.

Tatu ni nati yenye pete ya nailoni juu. Thredi ya bolti inajichimbia njia ndani ya nailoni, na ule msuguano ndio unaozuia nati kufunguka. Kila ukiitoa na kuirudisha njia inapanuka. Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji hata spana: izungushe kwa vidole peke yake. Ikipita ile pete mpaka mwisho bila kukataa, nailoni imekufa, nunua nyingine. Ikikataa ukahitaji spana, bado ina nguvu. Kwa nati ya ekseli mimi nabadilisha hata kama ina shaka kidogo, kwa sababu nati ya ekseli inafunguliwa mara nyingi kuliko tunavyofikiri. Inafunguliwa kwa pancha, kwa viatu vya breki, kwa bearingi, na kila mara cheni ikilegea ikabidi ivutwe. Ile ya piki yangu ilikuwa imefunguliwa mara ngapi tangu ninunue? Hakuna aliyejua.

Nne inawahusu wenye breki ya diski. Bolti zinazoshika diski kwenye habu mara nyingi hutoka kiwandani zimepakwa gundi maalum kwenye thredi. Honda, katika vitabu vyake vya mafundi kwa modeli nyingi, wanasema wazi zikitolewa ziwekwe mpya. Wengine wanaruhusu usafishe thredi kabisa, upake gundi ya thredi kama Loctite, kisha urudishe. Angalia kitabu cha piki yako. Kisichoruhusiwa popote ni kuzirudisha zikiwa kavu na chafu, au kuzipaka grisi ili "ziteleze vizuri". Diski ikilegea kwa mwendo wa 60, hutapata muda wa kujuta.

Za kurudisha, tena bila aibu

Nisikufanye ukimbie dukani kununua kila kitu. Kuna wauzaji watakaofurahia sana ukifanya hivyo.

Ekseli yenyewe, ule mhimili mrefu unaopita katikati ya gurudumu, hairushwi. Ifutwe, iviringishwe juu ya kioo au meza bapa ili uone kama imepinda, ipakwe grisi nyepesi, irudi. Kama imepinda au thredi zimelika, hapo ndiyo inunuliwe. Nati ya ekseli yenye mapengo juu kama taji, ile inayopitisha kota pini, inaweza kurudi miaka mingi mradi thredi na pembe zake ziko sawa. Kinachobadilishwa ni pini tu. Na pini ikikataa kuingia kwa sababu tundu halijalingana na pengo, usilegeze nati ili lilingane. Kaza kidogo mbele mpaka pengo linalofuata.

Bolti za kuvutia cheni, ile nati ya kurekebisha breki mwishoni mwa fimbo, bomba fupi zinazokaa kati ya bearingi na mkono wa nyuma: zote zinarudi zikiwa safi na nzima. Hata bolti ya kizuizi cha breki inarudi, ikiwa imenyooka na shingo haijaliwa na kutu.

Kutu ndiyo ya kuangaliwa sana upande wetu wa ziwa. Piki inayobeba samaki kutoka Mbita, Sori au Muhuru Bay inalowa kila siku, na ile inayooshwa ziwani haikauki ndani ya mianya. Kutu ya juujuu inayotoka kwa brashi ya waya si tatizo. Ile iliyochimba vishimo chini ya kichwa cha bolti ndiyo tatizo, kwa sababu hapo ndipo inapokatika. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa Karungu na bonde la Lambwe, nao unabeba maji na kuyaweka hapo hapo wiki nzima. Wakati wa mvua ya masika nimeanza kulipia usafi wa gurudumu hata kama hakuna kilichoharibika.

Dukani, soma kichwa cha bolti

Ukiamua kununua, balaa jingine linakungoja kaunta. Tazama juu ya kichwa cha bolti. Bolti nyingi za chuma za vipimo vya milimita zina namba kama 4.8, 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ukizidisha kwa 100 unapata nguvu ya chuma kabla hakijakatika, kwa nyutoni kwa kila milimita mraba. Maana yake 8.8 ina nguvu takriban mara mbili ya 4.8, na kwa macho zinafanana kabisa. Bolti ya 4.8 ni nzuri kwa geti na banda la kuku. Kama iliyotoka kwenye gurudumu ni 8.8, inayoingia iwe 8.8. Usidanganywe pia na zile za kung'aa zisizoshika kutu, eti ni bora zaidi. Kung'aa si nguvu.

Halafu kuna mambo ya thredi. Bolti ya milimita 10 kutoka hadiwea ya kawaida huwa na mwanya wa milimita 1.5 kati ya uzi na uzi. Piki zilizofuata mtindo wa Kijapani mara nyingi hutumia 1.25 kwa unene huo huo. Ya milimita 12 ni mbaya zaidi: 1.75 kwa hadiwea, 1.25 kwa piki. Ukijaribu utaona inaingia raundi mbili vizuri, kisha inakuwa ngumu. Hapo ndipo fundi mwenye haraka anachukua spana na kulazimisha, na thredi inaliwa. Sasa huna bolti na huna habu. Kwa hivyo nati yoyote mpya iingie kwa vidole kwanza, mwanzo mpaka mwisho (isipokuwa ile ya nailoni, inayokwama ikifika kwenye pete). Beba ya zamani mfukoni uende nayo dukani. Hiyo peke yake imeniokolea pesa mara mbili.

Sasa, 180 inaenda wapi?

Turudi kwa simu. Nilipofikiri vizuri niligundua shida yangu haikuwa 180. Shida ilikuwa kwamba sikuona 180 inaenda wapi. Pesa inatumwa kwa namba ya binamu, binamu anaitoa au anamtumia fundi, fundi anasema amenunua. Mwishoni mwa mwezi naona tu majina ya watu na namba, sioni nati. Ndiyo maana nilikuwa nakataa vitu vidogo na kukubali vikubwa. Tairi naweza kuiona kwenye picha, pini siwezi. Na hivyo vidogo ndivyo vinavyoangusha watu.

Kwa upande wake, binamu yangu alikuwa na hesabu ya kuleta kila jioni. Kununua pini kwa pesa yake kisha nimwambie sikumtuma ni hasara. Fundi wa kando ya barabara naye, saa mbili usiku, hana duka la spea la kumtuma mtu. Wote watatu tulikuwa na sababu nzuri ya kurudisha ile pini mbovu.

Tulibadilisha mambo machache. Pesa ya spea haipiti tena kwa mtu. Binamu ananitumia picha ya kilichotoka na till namba ya duka, na mimi nalipa duka moja kwa moja kutoka nilipo. Kabla ya kuweka PIN nasoma jina linalotokea. Likiwa si la duka tuliloelewana, nasimama hapo na kupiga simu. Meseji ya uthibitisho naituma kwake, anamwonyesha muuzaji, anapewa mzigo. Meseji hiyo ndiyo risiti yetu. Siku moja tulipewa nati ya thredi isiyofaa, akarudi nayo kesho yake na meseji mkononi, wakambadilishia bila kelele. Ukiwa ulilipa keshi, anza kubishana. Na nikitaka kujua piki imekula nini tangu Januari, naitisha taarifa ya malipo kwenye simu, naona jina la duka, tarehe na kiasi.

Jambo la pili ni fungu. Kila siku piki ikifanya kazi, shilingi 20 za hesabu zinaingia kwenye akiba ya pembeni kwenye simu, zimetengwa na pesa ya matumizi. Kwa siku 26 za kazi ni 520 kwa mwezi. Haitanunua tairi, lakini inanunua pini, washa na nati zote za mwezi na chenji inabaki. Najua kuna wanaokopa kwa simu hata kwa vitu vya 50 bob. Sikulaumu, kuna siku zinabana. Lakini ada ya mkopo kwenye nati ya 50 ni kama kununua nati mbili upate moja.

Kuna steji ambazo wamefanya vizuri kuliko sisi: wanachama wanachanga, wanalipia pakiti nzima ya kota pini za saizi mbili tatu na nati chache za nailoni, zinakaa kwenye kopo kwa mweka hazina. Pancha ikitokea usiku, pini ipo. Kama steji yenu ina chama, ingizeni hiyo kwenye bajeti.

Na kwa sababu hii ni kazi yangu, niseme na hili. Matapeli wanajua kwamba wenye piki wako mbali na piki zao. Meseji ya "piki imepata ajali, tuma haraka kwa namba hii ya fundi" inafanya kazi kwa sababu ajali ni za kweli. Ikija kutoka namba usiyoijua, usijibu meseji. Piga simu kwa namba ya mwendeshaji uliyo nayo, au ya mwenyekiti wa steji. Wanaouza spea mtandaoni na kutaka ulipe yote kabla hujaona kitu, mwambie atume kwa duka mnaloelewana ulipe mzigo ukifika. Ukikosea namba ukatuma, piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, usingoje jioni. PIN yako haihitajiki na fundi, wala muuzaji, wala mtu anayesema anapiga kutoka kwetu.

Alama ya kateksi

Kitu kimoja nilichojifunza chini ya ule mwembe kinagharimu karibu bure. Nati ikishakazwa vizuri, chukua kateksi, rangi ya kucha, chora mstari mmoja unaoanzia juu ya nati na kuvuka mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unavunjika na unaona bila spana. Hufanyika kwenye mashine kubwa pia, ila wao wana rangi yao maalum. Chagua rangi inayoonekana kwenye tope. Nyekundu inapotea kwenye udongo wa Rongo, tuliijaribu. Sasa tunatumia nyeupe.

Gurudumu likifunguliwa, mistari iangaliwe tena baada ya safari ya kwanza ndefu, kwa sababu hapo ndipo vyuma vinakaa mahali pake na nati kulegea. Kwetu hiyo ni Rongo kwenda Homa Bay. Akifika anashuka, anapiga picha tatu: nati ya ekseli, nati ya kizuizi cha breki, na za sproketi. Mwanzoni alikuwa anafanya kunifurahisha. Siku hizi anapiga picha hata za piki za wenzake pale steji na kuwaonyesha, na kuna jamaa mmoja anayevuka daraja kwenda Rusinga kila siku aliyegundua nati yake ya ekseli imezunguka robo kabla haijatoka.

Jumapili iliyopita meseji imeingia tena. "Sis, pini zimebaki mbili kwa kopo. Till ni ile ile." Nikasoma jina, nikaweka PIN.